Dakika themanini kwa alama nane: kisa cha karatasi moja ya fikra tunduizi mjini Tabora

Alama 19 kati ya 50. Mwenye karatasi ni binti wa kidato cha sita, mzaliwa wa Ujiji anayesoma Tabora, na kati yetu tuliokuwa tunamfundisha hakuna aliyetegemea 19. Kwenye midahalo ya Jumamosi ndiye anayewatoa wenzake jasho: ukisema jambo, anakuuliza umelijuaje. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa mchujo wa udhamini wenye karatasi nzima ya fikra tunduizi, yaani kupima vyanzo na hoja, na hili lilikuwa jaribio lake la kwanza la kukaa muda kamili, msimamizi mbele, simu zimekusanywa. Jina lake silitaji, na karatasi naichambua kwa ruhusa yake.

Nilipomuuliza imekuwaje, alinijibu kama wanavyojibu wengi: muda haukutosha. Ni kweli haukutosha. Ila jibu hilo halimsaidii, maana litampeleka nyumbani kufanya mazoezi ya kuandika haraka, na mwandiko wake tayari ni wa kasi. Ukiifuata karatasi mstari kwa mstari unaona kwamba muda wake uliliwa na namna alivyovipima vyanzo. Alikuwa anawapima watu, wakati swali lilimtaka apime kauli, na kumpima mtu mzima kunachukua asubuhi nzima.

Kwanza karatasi yenyewe. Niliipanga kwa kufuata umbo la karatasi ya pili ya somo la Thinking Skills la Cambridge, yaani saa 1 na dakika 45 kwa alama 50, nusu ya kwanza kupima vyanzo na nusu ya pili kuchambua na kujenga hoja. Mgawanyo wa alama ni wangu. Sehemu A ilikuwa na maswali matatu ya alama 4 na moja la alama 8, jumla 20. Sehemu B ilikuwa na kifungu kuhusu simu katika shule za bweni, kikifuatiwa na swali la alama 6, la alama 9, na la mwisho la alama 15 linalomtaka mtahiniwa ajenge hoja yake mwenyewe. Ukitoa dakika 10 za kusoma na 5 za kupitia kazi mwishoni, zinabaki 90 za kuandika. Maana yake alama moja haifikii hata dakika mbili. Swali la alama 4 linastahili kama dakika 7, na lile la 15 linastahili 27.

Huwa nawataka watahiniwa waandike saa kwenye pambizo kila wanapoanza swali jipya. Hawapendi, wanasema linawatia presha. Lakini bila hivyo mwalimu anabaki kukisia. Mtihani ulianza saa 3:00 asubuhi. Swali la 1 alilianza 3:04, la 2 akalianza 3:26, la 3 likaanza 3:41, la 4 likaanza 3:52. Sehemu B aliigusa saa 4:24, zimebaki dakika 21 kwa alama 30. Swali la alama 15 alilianza 4:41, na 4:45 karatasi zikakusanywa.

Sasa linganisha. Sehemu A ilimla dakika 80, akapata alama 8. Sehemu B aliifanya mbiombio kwa dakika 21, akapata alama 11.

Mwalimu mwenzangu alipoziona tarakimu hizo alitoa ushauri palepale: basi siku nyingine aanze na Sehemu B. Unaweza kumwokolea alama kadhaa, siukatai. Lakini angefika Sehemu A na tabia ileile, na hapo angekwama swali la kwanza tu, mengine yote yakabaki matupu. Mimi nilitaka kujua dakika 22 za swali la kwanza ziliendaje.

Mwembe, jiwe na tarehe

Mada ya Sehemu A ilikuwa mkutano wa Stanley, mwandishi wa habari, na Livingstone, mmisionari na mvumbuzi aliyekuwa akitafutwa, pale Ujiji mwaka 1871. Niliichagua kwa sababu vyanzo vyake vinapishana vizuri, na kwa sababu watoto wa huku wanaujua mnara wa Ujiji na wengine wamepelekwa kwa ziara kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako Stanley na Livingstone walikaa pamoja mwanzoni mwa 1872 kabla hawajaachana mwezi Machi. Ukaribu huo, kama itakavyoonekana, ulikuwa mtego pia.

Chanzo A kilikuwa maelezo ya Henry Morton Stanley kutoka kitabu alichokitoa 1872. Anasema aliingia Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, bunduki zikilia, watu wamejaa, akavua kofia mbele ya mzee mweupe aliyedhoofu na kumwuliza kama yeye ndiye Daktari Livingstone. Ndiyo ile salamu inayojulikana dunia nzima. Chanzo B kilikuwa shajara ya Livingstone, iliyochapishwa 1874 baada ya kifo chake na kuhaririwa na rafiki yake Horace Waller. Huko habari za mgeni ziko chini ya tarehe 24 Oktoba. Susi, mtumishi wake, anakuja mbio, anahema, anasema amemwona Mwingereza, na ni bendera ya Marekani mbele ya msafara inayomjulisha Livingstone mgeni ametoka taifa gani. Salamu mashuhuri haimo. Chanzo C kilikuwa taarifa fupi kwamba katika shajara binafsi ya Stanley, kurasa za mkutano ule zimechanwa. Chanzo D kilikuwa maandishi ya mnara wa Ujiji, yanayosema kwamba chini ya mwembe uliokuwa umesimama hapo Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Chanzo E nilikitunga mwenyewe, na karatasi ilisema wazi kwamba ni cha kutunga: mzee wa Ujiji anasimulia alichosikia kwa babu yake, kwamba milio ya bunduki ilisikika kabla mgeni hajaonekana.

Swali la 1: Je, Chanzo D kinaithibitisha tarehe iliyotajwa katika Chanzo A? Alama 4.

Binti aliandika ukurasa mmoja na nusu. Alieleza mwembe wa zamani na miembe iliyopo sasa, akaeleza kwamba zamani maji ya ziwa yalifika karibu zaidi, akaeleza sanamu zilizomo kwenye makumbusho na jinsi wageni wanavyopigia picha. Yote yameandikwa vizuri, na msomaji wa gazeti angeyafurahia. Akamalizia: "Kwa hiyo Chanzo D kinathibitisha Chanzo A kwa sababu jiwe hilo limewekwa na mamlaka na lipo mpaka leo."

Alipokuja kuchukua karatasi yake nilimwonyesha pambizo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hili la kwanza mbona umekaa nalo hivi?"

"Mwalimu, mimi ni wa Ujiji. Ile tarehe naijua tangu mdogo."

"Umeijulia wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Pale pale kwenye jiwe."

"Na jiwe limeijulia wapi?"

Hapo alicheka, na nikajua ameelewa kabla sijasema neno. Jiwe halikuwepo 1871. Aliyeandika juu yake aliipata tarehe kwa mtu, na tarehe ya 10 Novemba ni ile ya Stanley, maana Livingstone alisema nyingine. Kwa hiyo D si shahidi wa pili. Ni Stanley yuleyule amesema tena, safari hii kwa herufi za kuchonga. Jibu la alama 4 lilihitaji sentensi tatu: kwamba D ni cha baadaye, kwamba kwa uwezekano mkubwa kinategemea A, na kwamba vyanzo viwili vinavyokubaliana havithibitishani kama kimoja kimekunywa kwa kingine. Kwa mwandiko wake ni dakika nne tu.

Kosa hili nimeliona kwa wengi, na si la uvivu. Insha zetu za Historia zinawafundisha kumwaga yote wanayoyajua: utangulizi, hoja, mifano, hitimisho. Anayeshusha nondo nyingi ndiye anayepongezwa. Kijana akiingia kwenye karatasi ya fikra tunduizi na mazoea hayo, kila jambo analolijua linamdai aliandike. Swali la alama 4 linapewa utangulizi! Na msahihishaji hana pa kuzipa alama zile habari za mwembe, kwa sababu swali halikuuliza habari za Ujiji. Liliuliza uhusiano wa vyanzo viwili.

"Kinaaminika kiasi"

Swali la 2 liliuliza Chanzo A kinaaminika kwa kiasi gani kuhusu maneno ambayo Stanley alidai kuyasema. Jibu lake naliweka hapa karibu lote:

"Stanley alikuwa mwandishi wa habari maarufu kwa hiyo ana sifa. Alikuwepo kwa hiyo aliona mwenyewe. Ana maslahi kwa sababu gazeti lake la New York Herald lilitaka kuuza. Ana utaalamu wa kuandika. Hakuegemea upande lakini pia alikuwa na upande. Pia Stanley alidanganya kuhusu asili yake kwani alizaliwa Wales na jina lake lilikuwa John Rowlands, kwa hiyo ni mtu muongo. Kwa hiyo chanzo kinaaminika kiasi."

Kila sentensi peke yake ina ukweli ndani yake. Stanley kweli alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, na kwa muda mrefu alijitambulisha kama Mmarekani. Lakini ukizisoma pamoja unaona amepita kwenye orodha aliyokaririshwa darasani: sifa, nafasi ya kuona, maslahi, utaalamu, kutoegemea upande. Walimu tunaipenda orodha hiyo kwa sababu inafundishika kwa kipindi kimoja. Mimi pia naifundisha. Ubaya wake ni kwamba mtahiniwa anaitembeza yote kwa kila chanzo, hata pale ambapo mambo mawili tu ndiyo yana uzito, na mwishoni anabaki na mizani isiyoelemea popote. "Kinaaminika kiasi" ni jibu linalofaa chanzo chochote kilichowahi kuandikwa, ndiyo maana halina alama.

Nilimwelekeza kwa mfano wa hapa hapa. Unanunua asali kwa mtu aliyetoka nayo Sikonge. Ukimuuliza mizinga yake iko pori gani, huna sababu ya kumshuku; anajua, na hapati kitu akikudanganya. Ukimuuliza kama asali haijachanganywa na sukari, mambo yanabadilika, ingawa ni mtu yuleyule, siku ileile, amesimama palepale. Hujasema ni muongo. Umesema tu kwamba kwa swali hili la pili unahitaji kitu zaidi ya neno lake.

Stanley hivyo hivyo. Kuhusu kwamba alimkuta Livingstone Ujiji, neno lake lina nguvu, kwa sababu Livingstone mwenyewe anaandika jambo hilohilo kwa mkono wake. (Mwaka 1872 huko Uingereza wapo waliodhani kwamba barua alizorudi nazo ni za kughushi, mpaka mwana wa Livingstone alipoutambua mwandiko wa baba yake.) Kuhusu maneno ya salamu, hali ni nyingine. Alikuwepo na alikuwa msemaji mwenyewe, kwa hiyo nafasi ya kujua anayo. Lakini salamu ya kupendeza ilikuwa mtaji kwa mwandishi wa habari, na mtu wa pili aliyekuwepo na kuandika haitaji. Sentensi mbili za sababu na moja ya uamuzi, basi: kwa maneno yenyewe Chanzo A ni dhaifu kuliko kilivyo kwa tukio lenyewe.

Ukiulizwa kauli, unatafuta yale mambo mawili yanayoigusa kauli hiyo, unaandika, unaondoka. Ukijipa kazi ya kumhukumu Stanley, utamkuta ana maisha marefu, na kila tukio la maisha yake litaonekana lina uhusiano. Dakika 15 zilikwenda hapo, zikamletea alama 2.

Kurasa zilizochanwa

Swali la 3 lilihusu Chanzo C, na hapa ndipo nilipotarajia ang'are, kwa sababu lina utamu wake. Kurasa zimechanwa: zinatuambia nini?

Aliandika kwamba Stanley alizichana ili kuficha kwamba maneno hayakusemwa. Limeandikwa kama jambo la hakika. Wenzake kadhaa waliandika hivyo hivyo, na wapo waandishi wa wasifu wa Stanley wanaoelekea huko, wakiwa na hoja zao. Lakini mtahiniwa mwenye mistari miwili ya Chanzo C mkononi hana kibali cha kufika mbali hivyo. Chanzo hakisemi nani alichana, wala lini, wala kwa nini. Kinachoweza kusemwa ni kidogo zaidi na kina nguvu zaidi: ule ushahidi ambao ungekuwa bora kuliko wote kuhusu maneno yale, yaani alichoandika Stanley kabla hajawafikiria wasomaji, haupo. Kutokuwepo kwake kunaongeza shaka, lakini shaka hiyo haijawa hukumu. Akapata alama 1 kati ya 4.

Ukimya wa Livingstone nao una shida ya namna hiyo. Ni rahisi kusema: asingeacha kuandika salamu nzuri vile. Kwa nini asingeacha? Kwake salamu ile haikuwa mashuhuri bado. Alikuwa mgonjwa, mali aliyoitegemea Ujiji ilikuwa imeuzwa, na amefikiwa ghafla na mtu mwenye chakula, dawa na barua. Anaandika habari za bendera na mabeseni ya bati. Ukimya una uzito pale tu ambapo tunategemea mtu aseme, na hapa hatuna sababu kubwa ya kutegemea.

Kuhusu Chanzo B aliandika pia kwamba "ni shajara, ni chanzo cha msingi, kwa hiyo ni cha kweli." Kauli hiyo naikuta karibu kila karatasi. Shajara tuliyopewa ni ile iliyochapishwa 1874, imepita mikononi mwa Waller, na Livingstone mwenyewe alikuwa na kawaida ya kuandika kwanza porini kisha kunakili kwa utulivu. Shajara yake ya porini ya 1871, aliyoiandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea, ilififia mpaka ikasomwa upya kwa picha za mwanga maalumu na kutolewa 2011, na wasomi wakaona kwamba habari za mauaji ya Nyangwe, huko Kongo, ya Julai mwaka ule hazikuandikwa sawasawa na zilivyokuja kuchapishwa. Mtahiniwa hahitaji kuyajua hayo. Anahitaji tu kusoma mstari wa juu wa Chanzo B, wenye mwaka 1874 na neno "kuhaririwa". Nimeusoma mstari huo kwenye karatasi yake. Haukupigiwa hata alama ya penseli.

Swali la 4 ndilo lililomaliza asubuhi. Liliuliza anakubaliana kwa kiasi gani na kauli kwamba maneno ya Ujiji yalitungwa baadaye, atumie vyanzo vyote. Alama 8, dakika 14. Alikaa nalo dakika 32. Nusu ya jibu lake ni hesabu: kutoka 24 Oktoba hadi 10 Novemba ni siku 17, wote wawili waliugua homa njiani, mtu mwenye homa hupoteza hesabu ya siku, kwa hiyo pengine siku ya kweli iko katikati. Kwa akili ya kihistoria ni kazi nzuri, na wanahistoria nao wanaamini tarehe zile haziko sawa. Lakini swali lilihusu maneno. Tarehe haikuulizwa. Nilipomuuliza kwa nini aliirudia, alisema, "Nilikuwa naona kama sijamaliza, mwalimu. Nilitaka nijue ukweli ni upi."

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Sifa ileile inayomfanya awabane wenzake kwenye mdahalo ndiyo iliyomfilisi dakika. Hawezi kuacha jambo likiwa halijakatika. Na karatasi za namna hii zimetengenezwa makusudi ili zisikatike. Vyanzo huchaguliwa kwa sababu havitoshi. Msahihishaji anataka kuona umejua vinatosha kwa nini na havitoshi kwa nini. Jibu zuri la swali la 4 lingesema kwamba vyanzo vinaunga mkono shaka kuliko vinavyounga mkono hukumu: hatuna ushahidi huru kwamba maneno yalisemwa, na hilo ni tofauti na kuwa na ushahidi kwamba hayakusemwa. D hakina lolote kuhusu maneno. E kinagusa bunduki tu, na msimulizi wa Ujiji wa leo anaweza kuwa amelisikia hilo kutoka kwa watu waliosoma kitabu cha Stanley. Kukiweka chanzo pembeni kwa sentensi moja ni sehemu ya kukipima. Yeye aliona kama ni kukidharau, akaviandikia vyote kwa urefu sawa.

Sehemu B siichambui sana, hakuna mengi. Katika swali la 5 aliliona hitimisho kuu la kifungu na sababu zake, alama 5 kati ya 6 kwa dakika 9, na nadhani ni kwa sababu hakuwa na jambo lake binafsi kuhusu kifungu kile. Alisoma, akajibu kilichoulizwa. Swali la 6 alipata 4 kati ya 9. La 7 lina sentensi mbili na nusu, ya tatu imekatikia kwenye "kwa mfano". Alama 2 kati ya 15.

Karatasi ya pili

Mazoezi yetu hayakuwa ya kasi. Nilimpa maswali ya alama 4 moja moja, na sharti moja: kabla ya kuandika jibu, aandike kwa penseli kauli inayopimwa, kwa maneno yasiyozidi mstari. Si "Stanley", bali "Stanley, kuhusu maneno ya salamu". Kisha ajiulize mambo mawili tu, huyu angejuaje hili na angepata nini kwa kulisema, na kama kuna mwingine aliyejua bila kumtegemea, amtaje. Mwanzoni alilalamika kwamba mistari ya penseli inampotezea muda. Baadaye aliona inamzuia kuanza na utangulizi.

Sharti jingine lilikuwa la saa. Karatasi ikifunguliwa, anaandika pembeni ya kila swali saa ya kuondoka, si ya kuanza. Saa hiyo ikifika, anamalizia sentensi aliyonayo, anaacha mistari minne mitupu, anakwenda mbele. Hili lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza. Kuna siku nilimwona ameweka kalamu chini, amelitazama swali kama mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake.

Karatasi ya pili niliipa mada ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Stanley yumo tena, mara mbili. Agosti 1871 aliungana na Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, kupigana na Mirambo, aliyekuwa ameifunga njia ya kwenda Ujiji. Wakashindwa, na watu wa Mirambo wakaingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Maelezo yake ya wakati huo yanamchora Mirambo kama jambazi. Mwaka 1876 walikutana, wakachanjiana damu wakawa ndugu, na maelezo yakageuka kuwa ya sifa. Swali la alama 4: kipi kati ya vyanzo hivi viwili kinaaminika zaidi kuhusu tabia ya Mirambo kama kiongozi?

Safari hii penseli iliandika: "Stanley 1871, kuhusu tabia. Stanley 1876, kuhusu tabia." Jibu lake lilisema kwamba mwaka 1871 Stanley hakuwa amekutana na Mirambo na safari yake ilikuwa imezibwa naye, kwa hiyo hakuwa na nafasi nzuri ya kumjua na alikuwa na sababu ya kumchukia, mwaka 1876 alimwona ana kwa ana, lakini undugu wa damu ulimpa sababu ya kumsifu na njia salama ya kupita, kwa hiyo cha 1876 kina nguvu kidogo kwa yale aliyoyaona kwa macho, si kwa sifa za jumla. Alitumia dakika sita, akapata alama 4.

Sehemu A aliimaliza kwa dakika 41, akapata 13 kati ya 20. Sehemu B akapata 20 kati ya 30, na katika hizo, 9 ni za swali la alama 15. Jumla 33. Alichokosa katika swali lile la mwisho ni aya ya kujibu hoja ya upande wa pili. Ameijenga hoja yake vizuri, ana sababu tatu na mfano, lakini hakuna mahali anapokutana na mtu anayempinga. Pambizo inaonyesha alimaliza swali hilo zikiwa zimebaki dakika sita. Dakika hizo alirudi nazo Sehemu A, kwenye mistari minne mitupu chini ya swali la 3, akaongeza sentensi moja kuhusu Waarabu wa Unyanyembe na biashara yao ya pembe. Sentensi ni sahihi, ilimpa alama 1. Aya ya upande wa pili ingempa tatu.